Picha Zote Mahali Pamoja

Jumatatu, 15 Februari 1999

Shangazi anakwenda Hija! Katangaza leo asubuhi, studio ina wateja watatu, mmoja kakaa kwenye kiti cha picha kidevu juu akingoja. Safari ni tarehe nane mwezi ujao. Wiki tatu tu. Na atakayeachiwa ufunguo wa studio atatajwa kabla hajaondoka.

Ufunguo! Studio ya Mwanatatu ina miaka ishirini hapa Likoni. Nusu ya vitambulisho vya mtaa huu vina sura zilizopigwa humu. Wafanyakazi tuko watatu. Mimi Rama, mtoto wa kaka yake, damu yake mwenyewe, mwenye cheti cha kompyuta cha miezi mitatu. Kioko, aliyekuja kutoka Machakos miaka minane iliyopita kutafuta kazi bandarini, akaikosa, akaingia hapa kupigwa picha ya kitambulisho na hajatoka mpaka leo. Na binamu yangu Mwanasaumu, anayepiga picha za shughuli za wanawake. Huyo ana watoto wadogo na keshasema asitajiwe habari za ufunguo.

Basi tumebaki mimi na Kioko. Yaani nimebaki mimi.

Ila Shangazi alipotaja ufunguo nilimwona akimtazama Kioko. Lazima nifanye jambo.

Jumatano, 17 Februari

Jambo limepatikana. Adui ni daftari.

Nieleze, kwa faida ya watakaosoma haya nikishakuwa mtu mkubwa. Kila picha inayopigwa hapa Kioko huiandika kwenye daftari lake: namba, jina, tarehe. Negativu inaingia kwenye bahasha, bahasha kwenye boksi, boksi juu ya rafu. Mteja akitaka nakala ya picha ya mwaka juzi, Kioko anavaa miwani, anafungua daftari, analamba kidole. Leo nimempima kwa saa yangu. Dakika kumi na moja! Mteja alishasinzia kwenye benchi. (Picha ilipatikana. Lakini hilo si hoja.)

Halafu saizi! Huyu anataka ya pasipoti, yule ya kadi, mwingine ya kutundika ukutani. Kila moja ipimwe kwa rula, ikatwe kwa mkasi. Na karne hiyo inakwisha!

Na kompyuta tunayo. Shangazi aliinunua mwaka jana, mtumba, kutoka kwa wakala mmoja wa mizigo bandarini Kipevu aliyekuwa anafunga ofisi. Ilikuja na skana yake na printa. Tangu siku hiyo imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kuna maua ya plastiki.

Mpango wangu: picha zote ziingie kwenye kompyuta. Mahali pamoja. Picha inaingia mara moja tu, kompyuta inaikata yenyewe kwa saizi zote. Mteja anabonyeza namba, anajiona, anachapiwa, anakwenda zake. Hakuna rula, hakuna mkasi, hakuna kulamba kidole. Hata mtu asiyejua kusoma ataweza!

Nimemweleza Shangazi. Kasema haya nijaribu, ila kabati la kijani nisiliguse. Kioko kauliza kompyuta itajuaje uso uko wapi. Wivu huo.

Jumamosi, 20 Februari

Picha mia mbili na kumi zimeshaingia! Programu ya skana ina kitufe kimoja cha kukata picha zote kwa mpigo. Nimekibonyeza nikaenda kunywa chai. Kurudi, kila picha imekuwa ya pasipoti. Nilitaka kulia kwa furaha.

Adhuhuri kaja Ruwa, mwalimu wa timu ya mpira ya Mtongwe, kuchukua picha ya timu ya kupeleka kwenye mashindano. Nimemchapia mwenyewe, nikaitia kwenye bahasha, nikamkaribisha katika karne mpya.

Karudi nusu saa baadaye, kavimba. Timu yake ina watu kumi na mmoja. Kwenye picha wamebaki watatu, na katika hao watatu hakuna mwenye kichwa. Kumbe kompyuta hukata katikati, na katikati ya picha ya timu kuna mpira na magoti. Ruwa alitaka kujua kipa wake amefukuzwa na nani. Nilimwambia magoti yametoka vizuri sana. Hakutulia.

Kioko kavaa miwani, kafungua daftari, kalamba kidole. Ruwa kaondoka na timu kamili, na kipa wake, na hakuniaga.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mfumo hauna kosa. Kosa ni la watu kutokaa katikati. Nimechora alama ya chaki sakafuni. Kuanzia Jumatatu kila anayepigwa picha atasimama juu ya alama.

Jumatatu, 22 Februari

Familia ya watu tisa kutoka mtaa wa Shika Adabu imejaribu kusimama juu ya alama moja. Bibi yao kakanyagwa. Mjukuu kauma mtu.

Shangazi kaifuta chaki kwa kandambili yake, pole pole, huku akinitazama. Kioko kawapanga wale watu mistari miwili, bibi kwenye kiti, kawachekesha, kapiga. Kujipendekeza tu.

Jumatano, 24 Februari

Leo nimefanya jambo kubwa, na nimelifanya kwa heshima zote.

Kuna kabati la kijani. Humo ndimo zinamokaa picha za kupamba. Asiye mtu wa pwani pengine hajui: bi harusi akishapambwa hutolewa mbele ya wanawake, wanawake peke yao, na siku hiyo hakuna buibui wala mtandio. Ni dhahabu, hina, nywele, na ngoma. Mwanamume hakanyagi hapo. Picha anapiga Mwanasaumu. Kusafisha, Shangazi anazipeleka mwenyewe mjini kwa mwanamke mwenzake. Zikirudi zinatiwa kwenye bahasha, bahasha inapigwa gundi na kutiwa sahihi juu ya gundi, kisha Kioko anaipeleka nyumbani kwa wenyewe, au inafungiwa kabatini mpaka waje. Miaka ishirini hakuna picha hata moja iliyowahi kuonwa na asiyepaswa. Ndiyo maana wenye harusi wanatoka hadi Kisauni na Junda, wanavuka feri, wanapita studio kumi njiani, wanakuja kwetu.

Sasa nikajiuliza: mfumo gani huu ambao nusu ya picha ziko nje yake? Hatua saba kwa bahasha moja! Gundi, sahihi, kabati. Mateso.

Shangazi alikuwa amekwenda kuchanjwa sindano ya Hija. Mwanasaumu alikuwa anatia kwenye bahasha picha za kupamba za Mwanatabu, yule binti wa jirani yetu aliyeolewa juzi. Mara kaitwa nyumbani, mwanawe ana homa. Kazigeuza picha kifudifudi mezani, kaniapisha nisizitazame wala nisimwache mtu azitazame. Nikaapa.

Na kiapo nimekitimiza! Skana hulaza picha kifudifudi. Mungu ameipanga vizuri. Nimekifunika kioo cha kompyuta kwa leso, nimefumba macho, nimepiga bismillahi, nimezipitisha moja moja kwa kupapasa. Picha thelathini na sita. Wallahi sikuona hata ukucha. Sijui zipi ziko wima, zipi ziko kichwa chini, na mtu muungwana hapaswi kujua.

Kabati la kijani sikuligusa. Picha zilikuwa mezani.

Ijumaa, 26 Februari

Shangazi kaniambia maashallah! Naandika tena: maashallah!

Ni kwa sababu nimegundua kitu ndani ya kompyuta. Ikikaa dakika tano bila kuguswa, inaanza kuonyesha picha zake yenyewe, moja baada ya nyingine, kubwa, kioo kizima. Nimekigeuza kioo kikaelekea barazani ili wapita njia waone kazi zetu. Watu walijaa! Fundi mmoja wa baiskeli kaiona sura yake ya pasipoti ya mwaka juzi, kakimbia kumwita mkewe, waliporudi imeshapita, wakakaa kuisubiri mpaka sala ya alasiri.

Shangazi katoka nje, kasimama, kacheka, kanishika bega. Mkono wake ulikaa begani muda mrefu, nikaona kama tayari nimeushika ufunguo.

Kioko kauliza ni picha zipi zilizomo. Nikamjibu zote. Kauliza tena, zote? Nikamwambia huo ndio mfumo wenyewe, picha zote mahali pamoja. Karudi kwenye daftari lake. Kashindwa!

Jumanne, 2 Machi

Naandika kwa sababu hakuna mtu wa kuzungumza naye.

Asubuhi nilibadilisha mpangilio wa picha. Fundi baiskeli na wenzake walianza kulalamika kwamba sura ni zile zile, maana kila tukiigusa kompyuta inarudi mwanzo kabla haijamaliza. Nikaiamuru kompyuta ianze na zilizoingia mwisho. Sikufikiri. Naapa sikufikiri.

Saa nne wakaja wazee wa kundi la Hija la Shangazi, tisa, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, kupigwa picha ya ukumbusho. Mkuu wao ni Mzee Babu, imamu wa msikiti wa mtaani. Studio ilikuwa na mteja, kwa hiyo wakakaa barazani, Shangazi akawaletea kahawa na halua. Mzee Babu akauliza kile chombo ni nini. Shangazi, kwa maringo kabisa, akamwambia, "Hicho ni kazi ya mwanangu Rama. Waelezee, mwanangu."

Nikasimama mbele yao. Nikaweka mikono nyuma, wote waone kwamba siigusi. Nikawaambia wasubiri kidogo tu.

Picha ya kwanza ilikuwa sinia la biriani, kichwa chini. Mzee Babu akasema maashallah. Ya pili ilikuwa leso. Leso tupu za wanawake, nyingi, zimebanana. Hapo nikazikumbuka zile picha za mezani.

Ya tatu ilikuwa Shangazi.

Shangazi Mwanatatu, kajifunga kibwebwe kiunoni, mikono juu, macho kafumba, ngoma ya chakacha imemkolea. Kichwa chini. Wazee hawakuelewa mara moja. Walidhani ni mtu anaanguka. Mzee Babu aliinamisha shingo kumtambua mpaka kofia ikamdondoka.

Nilirukia kompyuta. Picha ile ni nzito, na ikiwa nzito inakaa. Nikabonyeza kitufe cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, mlio. Cha tatu, picha ikawa kubwa zaidi. Cha nne kikaigeuza. Shangazi akasimama wima, kiuno pembeni, mbele ya wazee tisa wa Hija!

Astaghfirullahi zilimwagika barazani. Wengine walifunika macho kwa vikombe. Mmoja alikuwa ameshaufungua mdomo, na halua imo.

Hapo Kioko akatoka studio na lile pazia la buluu tunalowapigia watu picha za pasipoti. Alikuja kinyumenyume. Uso ukutani, mgongo mbele, anapapasa kwa kisigino. Akalitupa pazia juu ya kioo bila kugeuka, akashuka chini, akachomoa waya. Bi harusi hakuonekana. Alhamdulillahi, mia kwa mia, bi harusi hakuonekana.

Shangazi alimalizia kuwamiminia kahawa. Hakumwaga tone. Kisha akachukua buibui lake akaenda nyumbani, na wazee wakaondoka bila kupigwa picha.

Jumatano, 3 Machi

Mama yake Mwanatabu kaja saa mbili kamili. Kazihesabu picha za binti yake mbele ya watu, mara mbili, kisha kaniuliza mimi, si Kioko, mimi, kama ile mashine imebakiza za kwake. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine watatu, nao wanataka bahasha zao kutoka kabati la kijani. Mmoja alitoka Junda kwa feri ya kwanza. Mwanasaumu aliwafungulia huku analia. Hanisemeshi. Kasema aliniapisha.

Miaka ishirini ya Shangazi. Niliwatazama wanawake wale wakivuka barabara na bahasha zao kwapani na nikaona haya. Kweli niliona haya. Ilikaa kama saa nzima.

Kioko kaniambia nizifute picha za Mwanatabu kwenye kompyuta, yeye atasimama nje mlangoni. Nimefuta. Kwa kuwa zote ziko mahali pamoja, zimefutika zote pamoja, na zile mia mbili na kumi. Kitufe kimoja tu! Hata katika msiba, mfumo unaonyesha ubora wake.

Halafu nikakumbuka jambo. Anayekwenda Hija lazima aombane radhi na watu. Hawezi kupanda ndege ana kinyongo na mtu. Jumapili kuna dua ya kumuaga Shangazi. Nikisimama mbele ya watu wote nikamwomba radhi, atafanya nini? Atasamehe! Hana njia. Na ukishamsamehe mtu mbele ya Mzee Babu, utamnyimaje ufunguo?

Nimepata usingizi mzuri leo mchana.

Jumapili, 7 Machi

Dua imesomwa baada ya alasiri, uani kwa Shangazi. Wanaume tumekaa kwenye mikeka nje, wanawake ndani, Shangazi kizingitini kajifunika vizuri. Kioko kakaa karibu na lango na shati lake jeupe, anagawa maji.

Mzee Babu alipouliza kama kuna mwenye neno na msafiri, nikasimama. Nilikuwa nimejizoeza. Nikasema shikamoo Shangazi, nikasema nimekukosea, nikasema mimi ni mwanao na shetani ni mwenye hila. Sauti ilinikatika mahali pazuri. Wanawake ndani waliguna kwa huruma.

Shangazi akasema, "Nimekusamehe, Rama, duniani na akhera. Sina kitu moyoni."

Nikaanza kukaa. Nilikuwa tayari najipapasa mfuko wa kuutilia ufunguo.

"Nami nisamehe, mwanangu," akasema.

Nikasimama tena. Watu wote wakageuka. Shangazi akasema amenificha jambo, na hawezi kwenda nalo Maka. Ufunguo alishampa Kioko. Si jana. Kabla ya Ramadhani! Kabla hata ya kutangaza safari. Akasema miaka minane Kioko anabeba bahasha zile kupeleka majumbani mwa watu na hajawahi kumuuliza kilichomo ndani. Mtu kama huyo atamtafuta wapi mwingine? Alitaka kuniambia mapema, lakini aliniona nimechangamka, naamka kabla ya saa mbili, jambo ambalo hajawahi kuliona tangu nizaliwe, akashindwa kunivunja moyo. Akasema kwa hilo amenikosea, nami nimsamehe.

Kioko aliinama, anatazama jagi la maji. Mnyororo wa ufunguo ulikuwa unaonekana kwenye mfuko wa shati lake. Pengine ulikuwa unaonekana siku zote.

Mzee Babu akanikumbusha, kwa upole, kwamba msafiri anangoja jibu.

Nilimsamehe. Kwa sauti. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma, kwa sababu aliyasema yote kwa mapenzi na sikuona mahali pa kumkasirikia. Watu wakaitikia amina. Mwanasaumu aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Jumatatu, 8 Machi

Shangazi kaondoka. Tumemsindikiza mpaka uwanja wa ndege, huko Changamwe, gari mbili. Kamwambia Kioko maneno mawili, Kioko katikisa kichwa. Mimi kanishika mashavu, kanibusu paji la uso, kaniambia kazi yangu mpaka arudi ni bahasha tu. "Bahasha tupu, mwanangu. Uandike majina, umpe Mwanasaumu, atie picha mwenyewe." Na kompyuta irudishiwe kitambaa chake na maua yake.

Nililia kidogo. Nitakuwa mtu mwema, nilijiambia. Nitaandika majina.

Saa nane nilikuwa nimeshaandika bahasha ishirini, na nikaanza kuona mambo. Bahasha hizi mpya ni za nini? Ni za wenye harusi waliobaki, na bahasha zote zinafanana. Ili Mwanasaumu ajue hii ni ya nani, lazima asome jina. Kioko naye atafute namba kwenye daftari. Miwani. Kidole. Mateso yale yale!

Ndipo nikapata wazo. Halina kompyuta, halina umeme, Shangazi mwenyewe hatakuwa na la kusema. Ni mkasi tu. Kila bahasha nimeikatia kidirisha mbele. Picha ikishaingia, uso unatokeza, mtu anajua mara moja ni ya nani bila hata kuifungua. Gundi haiguswi, sahihi haiguswi. Heshima yote imebaki pale pale!

Wasiseme sijifunzi. Kosa la picha ya timu nimelikumbuka. Uso hauko katikati, uko juu, kwa hiyo dirisha nimeliweka juu. Kioko safari hii hana la kuuliza.

Bahasha sitini tayari. Mwanasaumu anazijaza kesho asubuhi, na nimesafisha rafu ya barazani tuzipange hapo, nyuso mbele, wenyewe wakipita wazione. Ya kwanza nimeiandika jina la Shangazi. Ile picha yake nzuri ya chakacha, aliyoiacha mama yake Mwanatabu, asije akaipoteza.